Zege la Kufika kwa Dada

Logan, Queensland
4 Machi

Mjomba wangu Kepueli,

Shikamoo. Huku hatujambo. Joto limepungua, watoto wamerudi shule, na mgongo wangu ule wa kuinua wazee kazini umetulia kidogo. Wewe je? Lile jino lililokufanya uwe mkali Krismasi nzima limepoa? Wasalimie wote wa kwako, na mbwa pia.

Mjomba, nakuandikia habari ya mama. Tangu arudi kutoka hospitali kuu ya Nuku'alofa bila mguu wa kulia, hajatoka nyumbani. Kanisa letu la huku lilimpelekea kiti cha magurudumu, kizuri, cha kukunja. Lakini jirani yake Sela, anayemtunza, ananiambia kutoka nyumbani mpaka barabarani ni tope na matumbawe yaliyovunjika, na kiti kikishushwa tu kinazama. Mama aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye nyumba ya kusukia mikeka na wa mwisho kuondoka, sasa amekaa chumbani anasikiliza wenzake wakicheka ng'ambo ya barabara. Sela anasema ameanza kutoitika akiitwa. Hilo ndilo linalonitisha.

Nataka njia. Njia ngumu, kutoka barabarani mpaka nyumbani, ambayo mama ataipita kwa mikono yake mwenyewe bila kumwomba mtu. Gharama ni juu yangu. Naomba utafute wakandarasi, si mmoja, watatu. Kila mmoja aje apime, aseme atatumia nini na atafanyaje, ndipo tuchague. Mmoja nimekwisha kumwandikia: Feleti wa mjini Neiafu, yule aliyekulia New Zealand, mwenye mashine ya kuchanganyia zege.

Nimeweka na picha niliyoikata kwenye gazeti la duka la vifaa. Tazama hizo kokoto nyeusi za mviringo zinavyong'aa. Mtaa wetu mzima wamezimwaga mlangoni. Naona mama atazipenda.

Mpwa wako,
Lesieli


Vava'u
22 Machi

Mpwa wangu Lesieli,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Jino nimeling'oa mwenyewe kwa plaisi, na mzizi wake ulikuwa mrefu hata daktari wa meno akaniomba abaki nao awaonyeshe wanafunzi. Mbwa hajambo. Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira.

Wakandarasi watatu? Watatu wa nini, wewe mtoto? Hapa mkandarasi yupo, amekaa mezani anakuandikia. Au huko Queensland hamjaambiwa nani alimwaga uwanja wa ndege wa kisiwa hiki? Watasema ni Wazungu. Wazungu walikuwa kivulini wanakunywa chai. Mwenye koleo alikuwa mimi. Rubani wa kwanza alipotua, alikaa kwenye usukani anangoja kutua, hajui kwamba amekwisha kutua, maana magurudumu hayakuhisi kitu. Akashuka akauliza, "Nani kalainisha hii?" Watu wote wakanyoosha kidole kwangu. Na ule mwaka wa kimbunga kikubwa, kimbunga kilibeba paa la shule, kikabeba ng'ombe wa mchungaji, kikafika kwenye sakafu yangu ya zege, kikaitazama, kikageuka. Muulize mtu yeyote.

Mtu wa namna hiyo wewe unamruka, unamwandikia Feleti! Mtoto wa jana, mwenye mashine. Mimi ndiyo mashine. Kweli shule sikuimaliza, lakini darasa la nne nimelikaa miaka mitatu, nalijua kuliko mwalimu.

Tena hizo kokoto.

Lesieli, mama yako amekufa? Nijibu. Maana hapa kokoto nyeusi zina kazi moja, nayo si kupitisha kiti. Zinaletwa kwa mashua kutoka kisiwa cha mlima wa moto, zinaoshwa, zinapakwa mafuta, zinapangwa juu ya mchanga mweupe, na chini ya mchanga huo kuna mtu amelala ambaye hataamka. Baba yako mwenyewe tulimpangia. Na wewe unataka zimwagwe kutoka barabarani mpaka mlangoni kwa mwanamke aliyekatwa mguu juzi! Sela alipoiona ile picha alishika mdomo. Nilimwambia akithubutu kumwonyesha mama yako, nitamfukia yeye na kokoto hizo hizo. Picha nimeichoma. Watu wa mtaa wenu wote wanaishi makaburini na hawajijui.

Njia itajengwa. Itakuwa ya zege. Nitaijenga mimi.

Mjomba wako aliyeudhika,
Kepueli


Logan
9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa jino. Mimi na watoto hatujambo.

Nisamehe kwa zile kokoto. Nilipoondoka huko nilikuwa na miaka minane, na siku ya kaburi la baba nakumbuka chakula tu. Nililia niliposoma barua yako. Tena hata bila hayo, zisingefaa: kazini kuna mzee nilimsukuma juu ya kokoto za bustanini, magurudumu yakaingia mpaka katikati, tukaitwa wanne kumtoa. Basi hapo umeshinda. Iwe zege.

Lakini sikiliza, mjomba, na usipande juu. Hii ni kazi ninayoifahamu kwa sababu nasukuma viti hivyo kila siku. Zege lisisuguliwe likateleza kama sahani. Lipigwe ufagio likiwa bado bichi, liwe na mikwaruzo, gurudumu lishike. Mteremko uwe wa taratibu. Na pasiwe na ngazi hata moja. Hata moja.

Na namtaka Feleti. Si kwamba sikuamini. Nataka mtu ambaye nikimwandikia "hapa umekosea" atarekebisha, sio atakayenihadithia kimbunga. Wanaume wa kanisa utakaowaita wakusaidie nawapenda, lakini wewe na mimi tunajua: wanakula kwanza, kazi baadaye, na kati yake kuna kunywa kava mpaka usiku. Tafadhali usimfukuze Feleti. Mwache apime, mwache aulize anachotaka kuuliza.

Mpwa wako anayekupenda hata ukikasirika,
Lesieli


Vava'u
2 Mei

Lesieli,

Sote wazima, viazi vikuu vimeota vizuri, kimoja changu ni kirefu kiasi kwamba mkia wake unachimbwa shambani kwa jirani, na kuna kesi. Hayo ndiyo mema.

Feleti nimemfukuza.

Usianze kupiga kelele. Soma kwanza. Alikuja na gari, kavaa kaptura na miwani ya jua, hana hata mkeka wa heshima kiunoni, kama mtu anayekwenda kuogelea. Nikasema moyoni, vumilia Kepueli, mpwa wako kaomba. Nikampa kiti kibarazani. Akapima kwa kamba, akakuna kichwa, akasema, "Mzee, hapa mbele pana ngazi. Mama analala upande gani?"

Nikadhani masikio yangu yamepata maji. Nikamwambia, "Unasemaje?"

"Nauliza chumba chake kiko wapi. Na mlango anaotokea akienda haja. Nataka nikauone."

Mbele ya watu, Lesieli! Mashemasi wawili wamekaa hapo hapo! Nyumba ile aliijenga marehemu baba yako, na tangu iezekwe mimi ninaishia kibarazani. Upande wa nyuma sijauzunguka hata siku moja. Sijui kitanda cha dada yangu kimeelekea wapi na sitaki kujua. Tangu tulipobaleghe hatukulala tena chini ya paa moja, sijasema neno chafu anaposikia, sijaketi akiwa amelala. Ndivyo tulivyolelewa na wazazi wetu, na wao na wazazi wao. Sasa kaja mtu wa mashine ananiuliza dada yangu anaendea wapi haja!

Nikamwambia, "Kijana, huko New Zealand ulilelewa na watu au na kondoo?"

Akacheka! Akasema, "Basi muulize mwenyewe, mzee. Si dada yako?"

"Nimuulize dada yangu habari ya choo?"

"Sasa nitajengaje njia ya mtu bila kujua mtu anatokea wapi?"

Hapo nilinyanyua koleo. Ameruka ua ule wa mihibiskasi ambao hata farasi haruki. Ameacha kamba yake ya kupimia. Ninayo, ni kamba nzuri.

Kwa hiyo kazi ni yangu, kama nilivyosema tangu mwanzo. Mchanga nimeutoa pwani kwa kibali, nikauosha kwa maji ya mvua mpaka ukasahau bahari, maana mchanga wenye chumvi unakula chuma kama mchwa. Kokoto nimechagua za matumbawe magumu, zile zikigongwa zinalia kama kengele. Wanaume wa kanisa wamekubali, na nguruwe wawili nimekwisha kuwatazama usoni. Ufagio wako pia utapigwa. Barua hii ikikufikia, zege litakuwa limekauka, kwa hiyo usijisumbue kubisha.

Mjomba wako,
Kepueli


Vava'u
10 Juni

Lesieli, mpwa wangu,

Natumai hamjambo, na kama hamjambo sasa mtazidi kutojambo. Imekwisha!

Tazama picha niliyoiweka humu. Yule aliyesimama katikati na koleo ni mimi. Njia inaanzia barabarani, inapanda taratibu kama sauti ya kwaya, inafika mbele ya nyumba kabisa, kwenye kibaraza. Upana wake malori mawili yanapishana na madereva wanasalimiana. Watu wamekuja kutoka visiwa vya mbali kuitazama. Mzee mmoja alivua viatu kabla ya kuikanyaga. Mwingine kaweka shavu, akasema anasikia bahari. Nimepiga ufagio mwenyewe, mistari imenyooka hata mchungaji kasema kitabu chake cha nyimbo hakina mistari namna ile.

Tulifungua Jumamosi. Nguruwe wametoka tanuri la shimoni wekundu, magimbi, shelisheli, pweza wa tui, watu wamekula mpaka wakaanza kusemana vibaya. Mchungaji kaomba dua ndefu. Halafu wakasema, sasa mama yako Vika atoke, aijaribu njia yake.

Mimi nikaondoka, kama inavyopasa. Wanawake wakimbeba dada yangu si mahali pangu pa kusimama na kukodoa macho. Nikaenda nyuma ya mshelisheli na wanaume wenzangu, tukakaa tumegeuka upande wa pili. Nikasikia kelele. Wanawake bwana, palipo na nguruwe hawaishi kelele. Nikangoja wanyamaze, nikangoja na heshima juu yake, ndipo nikarudi.

Na hapa ndipo hasira inaponipanda mpaka sasa ninapoandika. Hakuna mtu! Mlango umefungwa. Wanawake wote wameingia ndani. Kiti kimelala ubavu chini ya ngazi, gurudumu moja linazungushwa na upepo, na hakuna hata aliyejali kukiinua. Kiti kilicholetwa kwa meli! Nikamwona Sela anapita na ndoo. Nikamuuliza, "Vika yuko wapi? Kaiona njia?" Akapita. Hakunijibu. Mimi! Siku ya kazi yangu!

Tangu siku hiyo mama yako hajatoka. Wananiambia amechoka. Amechoka na nini, amekaa? Watu wanauliza, "Kepueli, njia inapitwa na nani?" Inapitwa na kuku. Kuku wanatembea juu yake kama mabalozi.

Sipendi kusema vibaya juu ya dada yangu na sisemi. Lakini ingekuwa ni mtu mwingine, ningesema hana shukrani.

Mjomba wako,
Kepueli


Logan
25 Juni

Mjomba,

Sikuulizi hali leo.

Sela alinipigia simu kutoka posta siku mbili kabla picha yako haijafika. Kwa hiyo nilipoifungua, nilijua ninachokitazama. Umejenga njia nzuri, pana, ya mistari iliyonyooka, mpaka chini ya ngazi nne. Nne, mjomba! Nilikwambia hata moja!

Unajua zile zilikuwa kelele za nini? Wanawake walimweka mama kwenye kiti juu ya kibaraza. Hakuna aliyewahi kushusha kiti kwenye ngazi. Sela alishika nyuma, mwingine akashika mbele, wa mbele akateleza. Mama akaanguka na kiti chake mpaka kwenye zege lako. Mikwaruzo niliyoiomba mimi mwenyewe imemchuna muundi, mguu ule mmoja uliobaki. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari kama yeye, unajua kidonda ni nini? Muuguzi anakuja kila asubuhi. Amesema kikizidi, mama anarudi Nuku'alofa, na mama amemwambia Sela kwamba akienda huko atarudi hana hata wa pili, afadhali afie chumbani.

Haya yote yametokea, na wewe ulikuwa umekaa nyuma ya mti umegeuka upande wa pili.

Hawakukwambia kwa sababu mama aliwakataza. Alisema, "Msimtajie kaka yangu mguu wangu." Yeye anakuheshimu wewe, wewe unamheshimu yeye, na mama yangu anaozea katikati ya heshima zenu.

Mlango wake uko nyuma, mjomba. Upande wa jikoni. Ardhi pale iko sawa na kizingiti, hakuna ngazi, kuna tope tu. Kila mwanamke wa kijiji anaujua, kila kuku anaujua. Hata Feleti, aliyelelewa na kondoo, alijua kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Sasa sikiliza. Mimi ni mtoto wa dada yako. Kwa desturi hiyo hiyo unayoishika, nikiweka mkono juu ya kitu chako ni changu. Mtoto wa dada anachukua nguruwe, anachukua mkeka, anachukua hata shati mgongoni mwa mjomba, na mjomba hasemi neno. Sijawahi kukuchukulia kitu. Leo nachukua. Ile njia ni yangu. Naamuru ivunjwe, na iliyo ya kweli ijengwe mpaka mlango wa nyuma, na utaizunguka nyumba hiyo kwa miguu yako hata kama utafumba macho.

Ukikataa, basi na mimi sina mjomba.

Lesieli


Logan
7 Agosti

Mjomba,

Hujajibu. Sela naye simu hapigi, labda simu ya posta imekufa tena. Nimenunua tiketi nikairudisha, kazini hawakunipa ruhusa.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Nataka kujua mguu wa mama ukoje tu.

Lesieli


Vava'u
16 Septemba

Lesieli,

Sikuulizi hali na mimi. Huo mchezo hata mimi naujua.

Barua yako ya Juni nilipoisoma niliichana. Halafu nikaiunganisha kwa utomvu wa shelisheli, maana nilikuwa sijamaliza kuikasirikia. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniandikia namna ile. Wewe mtoto niliyekubeba begani! Nilikwenda ufukweni nikaitukana bahari mpaka maji yakarudi nyuma.

Nikakaa. Nikakumbuka lile gurudumu.

Basi. Hayo hayahusu.

Uliamuru ivunjwe. Sikuivunja, na sababu si ukaidi. Zege langu halivunjiki. Nyundo tatu zimekufa juu yake, ya tatu ilikuwa ya serikali. Kwa hiyo tukaamua kuligeuza: kutoka pale mbele njia inapinda, inapita ubavu wa nyumba kwenye michungwa, inazunguka mpaka jikoni. Kwa kazi ya kuzunguka ilitakiwa mashine, maana wanaume wa kanisa waliuliza nguruwe wa safari hii wako wapi. Nikaenda Neiafu. Feleti aliponiona alinililia nimrudishe kazini. Alipiga magoti. Watu wengine watakwambia aliyepiga magoti ni mwingine. Usiwasikilize, walikuwa mbali.

Alikuja, safari hii na mkeka kiunoni. Hakuniuliza kitu. Alikwenda kumuuliza Sela, Sela akamwonyesha, na mimi nikasimama barabarani nahesabu mawingu. Kwa siku kadhaa kazi ilikwenda hivyo: wao nyuma, mimi mbele natoa amri kwa sauti. Hata kwa sauti tu ile kazi ilikuwa ya hali ya juu.

Lakini siku ya kumwaga kile kipande cha mwisho, mkanda wa mashine ukakatika. Feleti akakimbilia mjini kutafuta mwingine, vijana wake wote wakadandia gari, na zege lililokwisha kuchanganywa lilikuwa limemwagwa pale chini ya dirisha, halijasawazishwa, halijapigwa ufagio. Jua kali. Unajua zege halingoji mtu, likishika limeshika, lingebaki na matuta kama mgongo wa mamba. Sela alikuwa posta. Nikaita watu. Hakuja mtu.

Nikavaa mkeka wangu mzuri, ule wa mazishi na harusi. Nikageuza mgongo. Nikazunguka nyumba kinyumenyume, Lesieli, mimi na umri huu, nimeshika ufagio na mbao, nimeutazama mchungwa kama adui. Nikapiga magoti nikaanza kusawazisha kwa kurudi nyuma, bila kugeuza shingo. Hapana mtu mwingine duniani aliyewahi kusawazisha zege asiloliona.

Ndipo nikasikia sauti dirishani.

"Kepueli."

Nikaganda. Nikasema, "Naam, dada."

"Unaipeleka wapi?"

"Mlangoni, dada."

"Huko ni bandani kwa nguruwe. Mlango uko kushoto."

Nikaenda kushoto.

"Kushoto kwangu, Kepueli, si kwako. Umenipa mgongo."

"Ndiyo, dada."

"Hapo umeacha shimo. Hapo, nyuma ya kisigino. Sasa umelikanyaga."

"Ndiyo, dada."

"Mbona mteremko umekuwa mkali? Unataka nishuke kama nazi?"

"Hapana, dada."

"Basi punguza. Na ufagio upige polepole. Safari ile ulipiga kwa kujionyesha, ndiyo maana umenichuna."

Nikapiga ufagio polepole. Nilikuwa nimeinama, na jasho la siku ile lilikuwa jingi, likaingia machoni. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Kidonda kinakauka. Muuguzi amesema haji tena kila siku. Nakwambia kwa kuwa hakuna atakayekwambia."

Nikasema, "Nimesikia, dada."

"Haya, endelea. Bado pembeni."

Tangu tulipokuwa watoto sijawahi kuongea na dada yangu maneno mengi namna ile, na karibu yote yalikuwa ya kunikosoa. Feleti aliporudi na mkanda wake kipande kile kilikuwa kimekwisha. Aliitazama, akavua miwani. Nikamwambia aivae, jua kali.

Sasa ndiyo nakuja kwenye hasira yenyewe, maana yote hayo yalikuwa utangulizi.

Mama yako hakai nyumbani. Lawama ni yako. Asubuhi nikitoka nje namkuta yuko barabarani, amejisukuma mwenyewe, anawakaripia wenye baiskeli. Mchana yuko kwa wasuka mikeka, vicheko vyao vinanifikia shambani. Ameagiza mafuta ya magurudumu. Juzi kaja mpaka kwangu bila hodi. Nimetokea dirishani na chai mkononi ili nimwachie nafasi, nimeungua. Sina tena mahali pa kumkimbia kisiwa kizima.

Na Jumapili iliyopita ndiyo imenimaliza. Alivuka barabara na kofia yake nyeupe akafika kanisani wa kwanza, kama zamani. Lakini kanisa lina ngazi mlangoni. Wanawake wakaja wambebe. Akasema, "Asiniguse mtu." Akakaa nje kwenye majani, akaimba kutokea nje, na unaijua sauti ya mama yako: walio ndani wote wakapotea wimbo, kwaya ikakaa chini. Ibada ilipokwisha watu wakatoka, mchungaji, mashemasi, Feleti na wake zao, wote wamesimama. Akaniita mbele yao.

"Kepueli. Njia yako inaishia wapi?"

"Barabarani, dada."

"Na Mungu anakaa barabarani?"

Watu wazima wakacheka wakiziba midomo kwa vitabu vya nyimbo. Mchungaji akaanza kusema kwamba jambo la ngazi za kanisa lazima kwanza likaliwe kikao na kamati. Kamati! Mama yako akamtazama mpaka akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani. Dada akishasema, kaka ana mikono tu.

Kwa hiyo usinijie na wakandarasi watatu. Usinijie na picha. Mchanga nimekwisha kuanza kuuosha, na Feleti nimemwambia aje kanisani Jumatatu, na safari hii kabla ya kupima tutamkalisha mama yako hapo hapo kwenye kiti chake atwambie, kushoto kwake, si kwetu.

Nina hasira sana, Lesieli. Leta saruji.

Mjomba wako,
Kepueli